Nilivyotumwa kwa Bi Hedwig Kuisoma Barua ya Kanoni

Mumeniuliza wee, pale barazani Kibokoni, na kila mara nikawajibu kwamba kulikuwa na baridi. Kweli kulikuwa na baridi. Lakini mtu haendi Ujerumani akarudi na neno moja, na nyinyi si watoto, mwaona tangu nirudi sikai sana na watu na kahawa yangu naiacha ikapoa. Basi nimeona niyaandike. Nikiyasema kwa mdomo nitapunguza hapa na kuongeza pale, kama nilivyozoea miaka ishirini na saba ya kutembeza wageni Mji wa Kale.

Mzee Yusufu mlimjua nyote. Mjerumani wetu wa ile nyumba ya ghorofa nyuma ya msikiti, aliyesilimu, akamuoa Bi Zuhura, akamzika, asirudi kwao tena. Zamani aliitwa Lorenz, mtoto wa nyumba kubwa, zile za watu wenye ngome na majina marefu. Msilolijua ni kwamba alikuwa na dada mmoja tu duniani, Hedwig, mdogo wake, na tangu asilimu hawakusemezana. Yeye aliandika barua, dada hakujibu. Alipiga simu, haikupokewa. Mwisho akaacha.

Badala yake akawa anaandika kitabu, maisha ya mtu wa ukoo wao aliyekufa karne nne nyuma, Joachim wa Hollerbruck. Huyu alikuwa mtoto wa pili wa bwana mkubwa. Desturi yao huko, wa kwanza apata ngome na mashamba, wa pili hupewa Kanisa, apende asipende. Joachim alitiwa kanisani na miaka yake kumi na miwili, akawa kanoni, yaani mmoja wa mapadre wakubwa wanaoliendesha kanisa kuu la askofu. Alikuwa na watumishi, farasi na mvinyo wake, ila kaka hakuwa naye. Wakristo wa huko waligawanyika, kaka yake Kaspar akaingia upande wa pili, na ndugu hao wawili wakaishi mwendo wa nusu siku kwa farasi wasionane miaka thelathini na moja.

Nilikuwa nikienda kumtazama Mzee Yusufu baada ya alasiri naye hunisomea kurasa mpya kwa Kijerumani. Siku moja nikamuuliza, "Na mwishowe walipatana?"

"Sijui," akasema. "Barua ya mwisho ya Joachim iko nyumbani, kwa Hedwig. Sikupata kuisoma."

Alikuwa keshaanza kuugua figo. Daktari alishamwambia maneno ambayo daktari hasemi mara mbili. Akanishika mkono. "Omari, nenda wewe. Kijerumani wakijua. Kaisome ile barua, uninakilie." Nikainuka kuaga, nikafika mlangoni, akaniita. "Na ukimuona Hedwig moyo wake umelainika, mwambie namtaka. Mwambie aje kabla sijafa."

Hilo ndilo nililotumwa. Barua ya kanoni ilikuwa kisingizio, yeye alijua na mimi nilijua.

KIBOKONI HADI UWANJA WA NDEGE

Nilitoka nyumbani na saa tatu nzima mkononi, nikakaribia kuachwa. Pale Makupa malori ya bandarini yamesimama mstari mmoja mpaka Kibarani, hakuna mbele hakuna nyuma. Dereva wangu, Mtaita mmoja mpole kupita kiasi, hapigi honi. Ananionyesha miti iliyopandwa Kibarani. "Mzee, wakumbuka harufu ya hapa zamani? Jaa tupu! Sasa watu waja kupiga picha."

"Ndugu yangu," nikamwambia, "picha nitapiga nikirudi. Nisogeze."

Mke wangu Rukia alinifungia haluwa mikebe miwili. Alikuwa amenishika shati mlangoni akaniambia, "Ukifika kwa watu, nena. Usikae ukitabasamu." Nikamwambia mimi nimenena na Wajerumani tangu yeye hajui kukuna nazi. Akanisukumia mikebe kifuani.

MJI WA KUBADILISHIA NDEGE

Tulishushwa Uarabuni kubadilisha ndege. Ndege ya pili ikaharibika, wakatwambia tungoje, tukangoja saa kumi na moja nzima. Pale niliketi karibu na mama mmoja wa Rabai, Mama Kadzo, anakwenda kwa binti yake aliyejifungua. Ana leso kichwani na msalaba shingoni, na kikapu ambacho sijui walimruhusuje kupanda nacho.

Akafungua, akatoa mahamri. "Karibu."

"Ahsante mama, nimeshiba," nikasema.

Wallahi sikuwa nimekula tangu Mombasa. Mama Kadzo akaling'ata lake, akatafuna pole pole, akinitazama. Tumbo langu likaguruma mpaka mtu wa kiti cha tatu akageuka.

"Wewe ni wa Mji wa Kale," akasema.

"Umejuaje?"

"Nyinyi waungwana mwakufa njaa mbele ya sahani. Mpaka mtu akuombe mara tatu, akuapie, akutilie mkononi. Mimi nikitaka nasema nataka. Shika!"

Nikashika. Nikala manne. Tulicheka sana, na nikamweleza kwamba kwetu anayesema ndiyo mara ya kwanza huonekana mroho, na mwenye nyumba asiyekaribisha mara ya pili huonekana bahili, kwa hivyo kila mtu ajua kazi yake. "Na ukikutana na mtu asiyeijua hiyo kazi?" akaniuliza. Nikamwambia nimewazoea, mimi ni mtu wa wageni. Alikuwa na dharau kidogo usoni, lakini alinipa mawili mengine ya njiani.

GARI-MOSHI LA WAJERUMANI

Miaka yote nikiwatembeza, walinisimanga kwa saa. Omari, umechelewa dakika nne. Omari, tulisema saa tatu. Basi nimefika kwao, nimesimama stesheni na koti la kuazima, na gari-moshi halipo! Ubao wasema dakika ishirini, kisha arubaini, kisha gari lenyewe limefutwa. Nilifurahi kuliko mtu yeyote pale jukwaani. Nikamwambia mzee mmoja aliyesimama karibu, "Kwetu tungekuwa tushaletewa chai." Hakucheka. Alinieleza kwa dakika kumi njia ya kuzunguka, magari matatu, akanichorea kwenye bahasha, kisha akaondoka bila kwaheri. Nilimuona mkavu. Lakini ramani yake ilikuwa sawasawa, nikafika.

Kwa ajili hiyo nilifika Hollerbruck alasiri badala ya asubuhi. Ngome ilibomoka zamani, umebaki ubavu mmoja wa mawe na paa la vigae, na ndani yake anakaa mwanamke peke yake.

NYUMBA YA HOLLERBRUCK

Bi Hedwig ni mrefu, ana fimbo, na ana pua ya Mzee Yusufu. Nusura nimwamkie kwa jina la kaka yake.

"Umechelewa," akasema.

Nikamsalimu kwa urefu, hali yake, nyumba, majirani, afya. Alinijibu salamu ya kwanza, zilizobaki akazitazama zikipita. Nilimwandikia kabla kwamba naja kuisoma barua kwa ajili ya kitabu, akajibu mstari mmoja, njoo. Sasa akaniketisha jikoni. Mezani pana mkate mweusi, jibini, mayai, na supu jikoni inatoa moshi.

"Utakula?"

"La, ahsante, usijisumbue."

"Vizuri," akasema. Akaufunika mkate, akazima jiko.

Jamani! Nilibaki nimeikodolea macho ile sufuria. Nilijilaumu, nikacheka peke yangu, nikamkumbuka Mama Kadzo. Haluwa yangu ndiyo iliyoniokoa. Aliifungua akasema ni tamu mno, haifai kuliwa, kisha akala vipande vitatu, nami vitano.

Akauliza, "Hali yake ikoje?" Hakutaja jina.

Mwanifahamu. Kwetu mtu hamwagi habari nzito mlangoni. Nikasema, "Alhamdulillahi, hajambo. Anaumwa kidogo." Nilikusudia kesho, tukishazoeana, nimwambie yote. Yeye akaitika kwa kichwa, akatazama dirishani. Najua sasa kwamba alilichukua neno langu kama lilivyo. Kidogo ni kidogo.

KANISANI, NA ILE BARUA

Kesho yake asubuhi nilikula mayai matatu kabla hajamaliza kuuliza. Kisha akanitembeza hadi kanisani, fimbo ko! ko! ko!, akinipita kwa mwendo. Joachim amelazwa sakafuni karibu na ukuta, chini ya jiwe lililosuguliwa na viatu vya watu hata uso wake uliochongwa juu yake umebaki mdomo na kidevu. Bi Hedwig alinieleza habari zake kwa nusu saa amesimama vile vile, na ndipo nilipojua kwamba naye kamsoma Joachim maisha yake yote, huku Yusufu akimsoma Kibokoni. Watu wawili kitabu kimoja, bahari katikati.

"Alikuwa padre mbaya," akasema. "Alipenda mbwa wa kuwinda. Lakini wakati wa vita alifungua ghala la kanisa akalisha watu wa pande zote mbili, wenzake wakamshitaki kwa askofu. Lorenz alikuwa akisema alifanya hivyo kwa ajili ya Kaspar. Mimi husema alifanya kwa sababu watu walikuwa na njaa." Alilitaja jina kwa mara ya kwanza, mwenyewe hakusikia kwamba amelitaja.

Barua yenyewe iko nyumbani, kwenye kasha la bati. Alinisomea yeye, maana maandishi yale kama nyayo za kuku. Joachim ameugua, anamwandikia kaka yake aje, waache habari za dini, wale chakula cha jioni pamoja. Chini yake pana maneno ya mkono mwingine, wa msimamizi wa nyumba yake. Anaandika kwamba Bwana Kaspar alikuja kweli, akafika mpaka langoni juu ya farasi. Naye msimamizi akamwambia Bwana Kanoni yuko katika sala, hapokei mtu mpaka jioni. Kaspar akageuza farasi. Joachim akafa juma lile, na msimamizi hakumwambia.

"Lahaula!" nikasema. "Mjinga gani huyu? Mtu ametoka nusu siku juu ya farasi, wamwambia sala? Angemwingiza!"

"Alikuwa akifuata adabu ya nyumba," akasema Bi Hedwig.

"Adabu gani hiyo? Adabu ya kuua ndugu?"

Nilimlaani yule mtu kwa Kijerumani na kwa Kiswahili. Mkumbuke hayo.

ASUBUHI YA KUONDOKA

Nilikaa siku tatu, na kila siku nikasema leo nitanena. Siku ya kwanza, tuliporudi kutoka kanisani, aliumwa miguu. Ya pili alikuja fundi wa paa. Ya tatu tulizungumza Mombasa mchana kutwa, akaniuliza nyumba ya Yusufu ina ngazi ngapi, anakula nini, nani anamfulia. Moyo ulishalainika, kipofu angeona. Nami nikajiambia bado, isiwe kama namvamia, yeye ni mkubwa, atafungua mlango mwenyewe.

Akaufungua. Asubuhi ile tunakunywa kahawa, begi langu liko mlangoni. Akaweka kikombe chini.

"Pasipoti yangu ni nzima," akasema. "Nije?"

Roho yangu iliruka. Nilitaka kupiga kelele. Na mdomo wangu huu, mdomo wa mama yangu na nyanya yangu, ukasema, "Ah, Bi Hedwig, usijisumbue. Safari ni ndefu, na miguu yako hiyo."

Nilikuwa nangoja aseme, la, nitakuja. Ndipo ningemshika mkono nimwambie yuwakutaka, yuwafa, twende leo. Neno lilikuwa hapa kooni, limeshavaa viatu. Kwetu ndivyo linavyokwenda: mgeni hujinyima, mwenyeji hushikilia. Nani asiyejua?

Akanitazama kidogo. "Vizuri," akasema. Akachukua vikombe viwili akaenda kuviosha.

Nilimtazama mgongo wake pale kwenye sinki. Ningeweza kunena hata hapo. Lakini nikaona haya, kana kwamba nikigeuza neno sasa nitaonekana mtu wa ndimi mbili. Teksi ikapiga honi. Alinipa nakala ya barua, na kopo la jamu ya matunda mekundu, akasema, "Mpe. Zamani alikuwa akiiba." Nikapanda.

KURUDI

Ndani ya ndege walileta chakula, nikasema ndiyo kabla hawajauliza ni nini. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule msimamizi wa Joachim, nikaiweka ile trei chini. Nilijiapia nikitua tu nitampigia simu. Nilitua. Nikasema kwanza nimuone Yusufu.

Alikuwa amekonda ndani ya siku hizo chache hata kofia ilimpwaya. Mpwa wa marehemu Bi Zuhura, Mwanaisha, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Nikaketi kitandani nikamsomea barua yote, na maneno ya chini. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia. "Kaspar alikuja," alisema. "Umesikia, Omari? Alikuja." Akaonja jamu kwa ncha ya kijiko. Akaniuliza bila kunitazama, "Na Hedwig? Hakusema atakuja?"

Sikilizeni, hapa sitajitetea. Ningesema: aliuliza, nikamkataza mimi kwa upumbavu wangu, ngoja nimpigie sasa hivi. Maneno hayo hayamalizi nusu dakika. Niliona aibu. Nikasema, "Miguu yamsumbua."

Haikuwa uongo mtupu, miguu yamsumbua kweli, ndiyo ubaya wake.

"Basi," akasema Yusufu. "Mwambie Mwanaisha anipe kalamu."

Siku mbili sikulala wala sikula. Ya tatu Rukia akanikalisha. "Umefanya nini huko?" Nikamwambia. Hakunigombeza, hilo ndilo lililoniuma. Alichukua simu yangu akaniwekea mkononi. "Piga."

Bi Hedwig alipokea mara moja. Nikamwambia yote kwa mkupuo, yuwakutaka tangu siku ya kwanza, yuwafa, mimi ndiye niliyekosa.

"Nilikuuliza," akasema. "Ukasema nisijisumbue. Nikajua ni yeye aliyekuagiza useme hivyo."

"La."

"Kwa nini basi ulisema?"

Ningemweleza nini? Ati kwetu ungeniomba mara ya pili? Nikasema, "Njoo." Akasema atapanda ndege kesho yake.

Nikatoka mbio hadi kwa Yusufu. Amelala, usingizi mzito, na Mwanaisha akasema ndio kwanza maumivu yamemwachia tangu alfajiri. Nikamwambia asimwamshe, nitarudi baada ya alasiri na habari njema. Nilirudi baada ya alasiri. Nyinyi wenyewe mlikuwapo, mlimbeba. Alizikwa kesho yake baada ya adhuhuri, saa ile dada yake yuko juu ya mawingu.

UWANJA WA NDEGE TENA

Nilikwenda kumpokea. Alitoka peke yake, fimbo mkono mmoja, mfuko mkono wa pili, amevaa kofia ya jua. Sikuhitaji kusema. Alinitazama usoni, akauliza, "Lini?" Nikamwambia juzi, na jana tumemzika. Hakulia. Njia nzima, Kibarani, Makupa, mpaka tukaingia mjini, alikuwa akitazama nje, na mimi sikumwonyesha kitu hata kimoja, mimi Omari niliyewaonyesha watu kila jiwe la mji huu.

Barabara haifiki mpaka mlangoni, tukatembea vichochoro. Akapanda zile ngazi za Yusufu, ishirini na mbili, ndefu ndefu kama mzijuavyo, bila kushikwa. Juu Mwanaisha alimkumbatia, wakakaa vile kidogo, hawana lugha hata moja ya pamoja.

Kisha akaketi mezani pa kaka yake. Kitabu kilikuwa pale, rundo la karatasi limefungwa uzi. Akaufungua, akaenda moja kwa moja mwisho, kurasa alizoziandika Yusufu zile siku tatu baada ya mimi kurudi. Mkono wa kalamu ulishadhoofika, lakini ulisomeka. Alimwandika Kaspar langoni, na farasi, na msimamizi, na kifo cha Joachim. Hakumlaumu yeyote. Chini ya hapo, penye nafasi, palikuwa na mistari miwili isiyo ya kitabu. Bi Hedwig akaisoma kwa sauti.

"Hedwig hawezi kuja kwa sababu ya miguu yake. Kila sala naiombea miguu yake."

Akavua miwani. Akaitazama miguu yake chini ya meza, viatu vya ngozi, vumbi la Kibokoni juu yake.

"Nani alimwambia habari ya miguu yangu?"

"Mimi," nikasema.